Kabla ya Kuchuma Jani: Dawa za Miti na Magonjwa ya Ngozi Ndithini

Ukiishi Ndithini, upande wa Masinga katika Kaunti ya Machakos, dawa ya kwanza ya ngozi huchumwa, hainunuliwi. Mtoto akianza kujikuna usiku, susu, yaani nyanya, anajua mti wa kuendea, na mti wenyewe hauko mbali: kiluma (mshubiri) kando ya ua, mwarubaini kwa jirani, musemei kule kijitoni. Kwenda Matuu kutafuta dawa ni nauli, na ugonjwa wa ngozi ni wa kuvumilika. Kwa hiyo mti hutangulia, hospitali ikafuata mambo yakiharibika.

Ninaandika mwongozo huu nikiuheshimu ujuzi huo. Baadhi ya miti hii ina nguvu ya kweli, na wazee walioitambua hawakuwa wakibahatisha. Tatizo liko kwenye swali ambalo wengi wetu huanza nalo: "Ni mti gani unaotibu ngozi?" Swali hilo halijibiki, kwa sababu kuna upele, kuna mashilingi, kuna majipu, kuna vidonda vya usaha, na kila kimoja kina chanzo chake. Jani linalotuliza kimoja laweza kukichochea kingine. Anza na ugonjwa. Ukishaujua, ndipo uende kwenye mti.

Itazame ngozi kwanza

Tuanze na upele, maana ndio unaozunguka zaidi majumbani na katika mabweni ya shule. Huwasha zaidi usiku. Hukaa kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni, makalioni na sehemu za siri. Ukiona watu wawili au zaidi wa nyumba moja wanajikuna hivyo, karibu kila mara ni kazi ya mdudu mdogo mno anayechimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Mtu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kumaliza wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na muda wote huo anawaambukiza wengine. Hiyo ndiyo sababu ya upele "kurudi". Mmempaka mtoto anayejikuna, mkamwacha ndugu yake asiyejikuna bado, na baada ya mwezi mmoja mnaulaumu mti. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na linakadiria kuwa wakati wowote ule watu zaidi ya milioni 200 duniani wanao. Usimwaibishe mtu kwa sababu ya upele. Hauji kwa uchafu. Unaambukizwa watu wanapogusana ngozi kwa ngozi na kulala kitanda kimoja.

Mashilingi ni mabaka ya mviringo yenye ukingo ulioinuka na katikati pakavu, panapoonekana kama panapona. Ni kuvu. Mara nyingi hutoka kwa mtu mwingine, lakini ndama na paka nao huwapa watoto wanaowashika.

Kuvu hiyo ikiota kichwani tunaiita mapunye, na hapa naomba usome polepole. Mashilingi ya mkononi na mapunye ya kichwani yanaonekana kama ndugu, lakini matibabu yake ni tofauti kabisa. Kichwani kuvu huingia ndani ya unywele wenyewe, chini kwenye mzizi. Hakuna jani, mafuta wala krimu ya kupaka inayoweza kuifuata huko na kuimaliza. Mapunye yanahitaji dawa ya kumeza, kama vidonge vya griseofulvini ambavyo mtoto huvitumia kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, pamoja na chakula chenye mafuta ili viingie vizuri mwilini. Nasisitiza kwa sababu wanaoumia ni watoto wa shule. Kichwa kinapakwa hiki leo na kile kesho, miezi inapita, na mwishowe panavimba na kutoa usaha, na nywele zinaweza zisiote tena mahali hapo. Mapunye yakionekana, usipoteze hata wiki moja mtini. Mashine ya kinyozi nayo isafishwe kwa spiriti kabla haijagusa kichwa cha mtoto mwingine.

Vidonda vya usaha hupenda kutokea puani, mdomoni na miguuni kwa watoto: malengelenge yanapasuka, kisha panabaki gamba la rangi ya asali. Chanzo ni bakteria. Vikiwa vichache, kuosha kwa sabuni na maji safi na kuviacha vikauke ni nusu ya matibabu. Vikienea, mtoto anahitaji antibiotiki, kwa kuwa aina moja ya bakteria hao huweza kuziletea figo madhara wiki chache baadaye. Mtoto aliyekuwa na vidonda vya namna hii akiamka macho yamevimba, au mkojo wake ukawa wa rangi ya chai nzito, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Jipu halihitaji maelezo mengi. Likande kwa kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya moto yanayovumilika, dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku, mpaka lijipasue lenyewe. Usilikamue, hasa likiwa kati ya pua na mdomo wa juu. Mtu mzima anayetokwa na majipu mara kwa mara akapimwe kisukari.

Kuna mawili ambayo hayafai kuguswa na dawa ya nyumbani hata kidogo. La kwanza ni baka lililopauka au jekundu lisilohisi kitu ukiligusa kwa ncha ya unyoya wa kuku; huenda ni ukoma, na dawa za ukoma hutolewa bure. La pili ni malengelenge yanayochoma kama moto, yaliyojipanga upande mmoja tu wa mwili. Dawa yake hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku 3, na ni vyema upimwe virusi vya UKIMWI pia.

Miti yenyewe

Kiluma ni mti wa kwanza wa wengi, na kwa kazi yake ni mzuri. Kazi hiyo ni kutuliza: kuungua kidogo, ngozi iliyochubuka juujuu, ngozi iliyokauka na kuwasha. Ila jani la kiluma lina vitu viwili. Chini tu ya ganda kuna utomvu wa manjano, mchungu, unaowasha ngozi za baadhi ya watu na unaoharisha vibaya ukinywewa. Katikati kuna ute mweupe unaoteleza. Unaoutaka ni ute. Kata jani, lisimamishe kwa takriban robo saa ili utomvu wa manjano uchuruzike, lioshe, limenye, kisha utumie ute peke yake. Mjamzito asinywe kiluma. Na usiupake ute kwenye kidonda kirefu ukidhani utakiziba. Kidonda kirefu kinahitaji kusafishwa na mhudumu wa afya.

Mwarubaini una ushahidi mzito zaidi katika upele. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti wa majaribio kutoka India. Watu 814 wenye upele walipakwa majani ya mwarubaini yaliyosagwa pamoja na manjano, na asilimia 97 kati yao walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini yasome kwa uangalifu: hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo, kwa hiyo hayatuambii kama mchanganyiko huo unashinda krimu ya permethrini au losheni ya benzili benzoeti, ambazo zimejaribiwa vilivyo. Ushauri wangu ni huu: ukiweza kupata mojawapo ya hizo mbili kwenye zahanati, anza nayo. Usipoweza, mwarubaini na manjano ni chaguo la maana kwa mtu mzima, maadamu ngozi haijachubuka na haina usaha.

Vyovyote utakavyochagua, kanuni ni moja. Watu wote wa nyumba wapakwe usiku mmoja, wenye kuwashwa na wasiowashwa, kuanzia shingoni hadi nyayoni, kati ya vidole na chini ya kucha. Zahanati itakuambia lini urudie, kwa kawaida baada ya wiki moja, maana mayai hayafi kwa urahisi. Nguo na matandiko ya siku hizo yafuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Najua maji ya Ndithini hayatoshi kufulia blanketi za nyumba nzima. Yale yasiyofulika yafunge ndani ya gunia na kuyaacha wiki moja bila kuguswa. Mdudu wa upele haishi zaidi ya siku chache akiwa nje ya mwili wa mtu. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili au zaidi hata wadudu wakiwa wamekufa, kwa hiyo usiendelee kupaka kila siku hadi ngozi ibabuke.

Hakikisha pia kwamba ni mwarubaini. Katika sehemu zetu umepandwa mukau kwa ajili ya mbao, na kuna mmelia wa kivuli wenye matunda ya manjano, na yote mitatu ni jamaa. Tazama jani. La mwarubaini lina kikonyo kimoja kilichopangwa vijani vyenye meno pande mbili. La mukau na la mmelia lina kikonyo kinachogawanyika tena kuwa vikonyo vidogo, na vijani viko juu ya hivyo vidogo. Matunda ya mmelia ni sumu yakiliwa.

Na jambo la mwisho kuhusu mwarubaini: usimnyweshe mtoto mchanga mafuta yake, hata kijiko kimoja. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto waliodhurika ubongo na ini baada ya kunyweshwa mafuta hayo kama dawa ya nyumbani. Kinachopakwa kikae nje ya mwili.

Gome la musemei lina tanini nyingi, ileile inayolainisha na kuhifadhi ngozi za wanyama kwa watengenezaji wa ngozi. Maji yake yaliyochemshwa na kupozwa hukausha ngozi inayotoa majimaji, na kwa kuosha vidonda vidogo vya juu sina shida nayo. Gome la muuku nalo limeheshimika Ukambani kwa muda mrefu. Watafiti wa Muhimbili, Tanzania, walichapisha mwaka 2007 kwamba dondoo za mti huo huzuia baadhi ya bakteria na kuvu katika maabara.

Neno "maabara" lina uzito wake hapa. Mfano mzuri ni mukawa. Mwaka 2006 watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba Kenya, KEMRI, walionyesha kwamba dondoo la mizizi yake huzuia virusi vya malengelenge ya mdomoni na sehemu za siri, ndani ya seli na katika panya. Kazi hiyo ni ya kujivunia. Lakini mzizi uliokaushwa, ukatolewa dondoo na kupimwa kwa miligramu hauwi sawa na mzizi uliochemshwa kwenye sufuria bila kipimo. Mtu akikuambia mti fulani "umethibitishwa na KEMRI", muulize: umethibitishwa kwenye sahani ya maabara, kwa panya, au kwa watu?

Sasa miti miwili ambayo mimi ningeiacha. Mukondu, mtunguja wenye matunda ya mviringo yanayogeuka manjano, hukatwa na kusuguliwa juu ya mashilingi. Inawezekana unafanya kitu, lakini tunda lake ni sumu, majimaji yake hubabua ngozi, na mtoto aliyepakwa hupeleka vidole mdomoni. Krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 si ghali na inamaliza mashilingi ya mwilini kwa wiki 2 hadi 4, ukiendelea kuipaka siku kadhaa baada ya baka kutoweka. Wa pili ni ndau, mnyaa wa ua, ambao maziwa yake hupakwa kwenye chunjua. Tone moja likiingia jichoni linaweza kuharibu uwezo wa kuona. Likiingia, mwagia jicho maji safi mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, bila kulisugua, kisha uende hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Unapoandaa

Mara nyingi kinachodhuru si mti, ni kinu kilichotumika kutwanga njugu jana, maji ya kufukua mtoni yasiyochemshwa, na majani yaliyookotwa chini palipopita mbuzi. Udongo na samadi vina viini vya pepopunda, na kidonda kilichofunikwa kwa majani machafu ni mahali panapovifaa sana. Chuma juu ya mti. Osha majani kwa maji safi, osha mikono kwa sabuni, chemsha maji mpaka yatokote kwa dakika kadhaa, na sufuria iwe na kifuniko. Tengeneza ya siku moja tu. Kilichobaki kimwage, kisilale. Usichanganye miti mitatu kwa pamoja, kwa sababu ngozi ikivimba hutajua ni upi ulioleta.

Kabla ya kupaka sehemu kubwa, jaribu. Weka kiasi cha ukucha upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, na usubiri siku moja, mbili ni bora. Pakiwa pekundu, pakiwasha au pakitoa lengelenge, mti huo haukufai, hata kama ulimfaa mama yako.

Usipake dawa ya miti machoni, ndani ya pua, ndani ya sehemu za siri, kwenye kidonda kilichoshonwa wala kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, kwa mjamzito, na kwa mwenye kisukari au kinga dhaifu, ningemwona mhudumu wa afya kwanza. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba na hupitisha mwilini kile ambacho ya mtu mzima hukizuia.

Gome lichukuliwe kipande kidogo upande mmoja wa shina. Ukilibandua kuzunguka shina lote, mti utakufa. Kiluma nacho panda chako nyumbani. Uvunaji wa kibiashara wa aina hii ya mimea porini ulipigwa marufuku na Rais mwaka 1986, na kanuni za mwaka 2007 zikautaka ufanywe kwa leseni.

Visivyo dawa, na vinavyouzwa kama dawa

Kuna vitu vimeingia katika matibabu ya nyumbani ambavyo wazee hawakuvijua. Unga mweusi wa betri unapakwa kwenye mashilingi. Mafuta ya taa yanapakwa kichwani. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuua kupe inapakwa watoto wenye upele, nayo ndiyo inayonitia hofu zaidi: aina nyingi za dawa hizo hupenya ngozi na kugusa mishipa ya fahamu. Mtoto aliyepakwa akilegea, akitokwa na mate mengi, akitapika au akihema kwa shida, mvue nguo, muoshe kwa sabuni na maji mengi, na umkimbize hospitali pamoja na chupa ya dawa yenyewe.

Jihadhari pia na krimu za kuchanganywa sokoni. Baadhi huwekwa steroidi kali, kama betamethasoni au klobetasoli. Ukiipaka kwenye mashilingi, muwasho unatulia usiku huohuo na wekundu unapungua, nawe unashukuru. Chini yake kuvu inaenea, na ukiacha kupaka inalipuka ikiwa pana kuliko mwanzo, isiyo na umbo ambalo daktari angelitambua. Krimu ya "mitishamba" inayotuliza kila aina ya ugonjwa kwa siku mbili itilie shaka. Dawa ya miti iliyofungashwa na kuuzwa inapaswa kuwa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Itafute namba ya usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi, na jina la kila kilichomo. Muuzaji asiyetaka kukutajia kilichomo, muachie dawa yake. Mganga mzuri wa mitishamba hukuuliza ugonjwa ulianza lini, nani mwingine anao nyumbani, na una ujauzito au la, na yuko tayari kukuambia, "Huu si wangu, nenda hospitali."

Siku ya kwenda

Jiwekee mwisho kabla hujaanza, mkiwa watu wawili mnaoukumbuka. Kwa baka dogo la mashilingi lisilouma, wiki mbili bila nafuu zinatosha. Kwa kidonda au jipu, siku mbili hadi tatu. Usingoje hata hizo ukiona wekundu unaosambaa (uchore mpaka wake kwa kalamu na uangalie baada ya saa chache), mstari mwekundu unaopanda mkononi au mguuni, homa, uvimbe wa uso au karibu na jicho, maumivu makali kuliko kidonda chenyewe, au mtoto asiyenyonya.

Anzia zahanati iliyo karibu; ikishindwa itakuandikia barua ya kwenda Matuu au Machakos. Mwambie mhudumu kila ulichopaka na kunywa, na siku ngapi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba asilia nchini Kenya, kwa hiyo huna sababu ya kuificha, na jibu lako linaweza kubadilisha dawa atakayokuandikia. Chukua tawi lenye jani, na tunda au ua kama lipo, ulifunge katika gazeti pamoja na jina analolitumia susu. Jina moja la Kikamba laweza kubeba mimea zaidi ya mmoja, na tawi lenyewe ndilo litakaloonyesha ni upi. Kama kuna sehemu haijapakwa chochote bado, iache hivyo mpaka aione.